Masika ya Homa za Ema

Jumapili, 8 Desemba

Mvua imeshika kweli. Tumetoka kanisani tumelowa mpaka vitabu vya nyimbo. Daftari hili nimelikuta sandukuni, ni la kidato cha pili, mwaka ule nilipoachia shule, na kurasa nyingi bado nyeupe. Nimeona niliandike masika haya. Mkono ukishika kalamu haushiki paji la uso la Ema kila mara kutafuta kama lina moto.

Leo halina. Amekula viazi viwili, ameimba pambio kwa maneno yake mwenyewe, amelala na mdomo wazi. Ana miaka minne. Nimemtazama mpaka chai ikapoa.

Hapa nyumbani tuko wanne: mimi, Ema, mama mkwe wangu Mama Telesia, na wifi yangu Modesta. Filbert, baba Ema, yuko Makambako kwenye mbao, huja Jumamosi akipata gari.

10 Desemba

Ukungu umeingia mpaka jikoni. Hatukuona mlima wala barabara siku nzima.

14 Desemba

Imekuja. Mimi huijua kabla ya kumgusa. Mchana Ema alikuwa anachezea maganda ya maharage mlangoni, akanyamaza. Akayapanga maganda mstari, akayatazama kama ya mtu mwingine. Nikasema moyoni, haya. Jioni mashavu yamekuwa mekundu, shingo imevimba chini ya taya, na ndani ya mdomo vidonda vyeupe vimetokea kama chenga za mchele. Maji hanywi. Analia bila sauti, machozi tu.

Nimempeleka dispensari. Malaria hakuna. Mara iliyopita walisema mkojo mchafu, mara ya nyuma yake taifodi, leo wamesema ni koo. Sindano ile ile. Homa itakaa siku zake, itaondoka kama mgeni aliyechoka, halafu atacheza, nitasahau, halafu itarudi.

Mama amekaa karibu na moto, anapuliza chai yake. Huyu mama chai huipuliza mpaka iwe baridi kabisa, na chakula hula kidogo kidogo upande mmoja wa mdomo, mtandio umemfunika. Mimi huwa naona kama anajisikia, kama chakula changu hakimfai.

"Ni kimeo hicho," akasema. "Kimeshuka, kinamgusa kooni. Baba yake alikuwa hivi hivi. Nilimpeleka Mlangali kwa Mzee Filemoni, akamkata, akapona. Si unamwona alivyo dume?"

"Nimemwona, Mama."

"Sasa unangoja nini?"

Nikambeba mtoto, nikaingia ndani. Nimelala na Ema kifuani, moto wake umepita kwenye nguo zangu.

15 Desemba

Bado.

18 Desemba

Imeondoka. Ameomba uji, akamaliza, akaulamba mwiko.

27 Desemba

Krismasi ilikuwa nzuri. Filbert alileta blanketi la Ema, la njano. Leo tumepalilia viazi. Sisi tuna utaratibu wetu shambani, hasa masika, kwa sababu ugonjwa wa majani huja na ukungu na ukichelewa shamba lote linakuwa jeusi. Mimi na Modesta tunatembea kwenye matuta tunafunua majani. Tukiona doa, tunachomeka kijiti, tunafunga kitambaa chekundu. Wiliam, anayetupigia dawa, huja na bomba mgongoni, anafuata vitambaa. Akishapiga, mmoja wetu anapita nyuma yake kufungua kitambaa. Basi. Ukiwa mbali shamba linaonekana kama lina maua.

4 Januari

Modesta amesahau kufungua vitambaa vya tuta la chini. Wiliam kaja jana kapiga, kaja leo kapiga tena pale pale. Majani yamebabuka, yamejikunja kama karatasi iliyopita motoni.

"We Wiliam, huoni majani yenyewe ni mazima?" Modesta akamuuliza.

"Mimi natazama kitambaa. Kitambaa kikisema piga, napiga. Kufikiri ni kazi ya wenye shamba."

"Kesho nitakufunga wewe kitambaa shingoni."

"Funga, nijipige dawa, labda nitapendeza."

Tumecheka. Mama hakucheka, alikuwa anaangalia majani yake. Lakini nadhani mtandio ulitikisika.

9 Januari

Homa. Vidonda. Sindano nimekataa safari hii. Nesi amenikunjia uso.

11 Januari

Ema anaongea katika homa. Anasema kuna watu wadogo wanatembea kwenye dari, wamebeba taa. "Waambie wazime, Mama." Nikawaambia. "Wamekataa," akasema, akafumba macho.

Jumapili, 19 Januari

Mama mmoja wa kwaya ameniambia kuna daktari wa watoto, Daktari Sadock, anakuja hapa Njombe mara moja moja, na mwezi huu yupo. Filbert kasema twende. Mama kasema, "Nendeni. Mkirudi kimeo kitakuwa pale pale."

23 Januari

Nataka kuandika yote kabla sijasahau.

Daktari Sadock ni kijana, ana sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Hakuanza na vipimo. Alianza kuuliza. Homa huja baada ya muda gani, huondoka yenyewe au kwa dawa, vidonda viko wapi, akipona anakua? Nikasema, Daktari, akipona utadhani hajawahi kuumwa. Akamwambia Ema afungue mdomo. Akaangalia muda mrefu.

"Nani mwingine kwenye ukoo ana vidonda hivi?"

Filbert akasema, "Mimi utotoni. Nilikatwa kimeo, vikaisha."

"Vikaisha kabisa?"

Filbert akajikuna shingo. "Mama anasema viliisha."

Mimi nikamgeukia. Mwezi wa kumi tu hapa alishindwa kula pilipili wiki nzima, akasema ameungua na chai. Akaona ninavyomtazama. "Sasa vile si vya watu wote?" akasema.

Daktari akatabasamu, akachukua karatasi, akachora duara. Akasema hii ni seli moja ya damu, ya kinga ile ya kwanza, ambayo mtu anazaliwa nayo, haisubiri kufundishwa. Ndani yake mna protini nyingi, nazo ndizo zinazofanya kazi. Mdudu akigusa mlango wa seli, habari lazima ifike ndani. Inafikaje? Kwa alama. Protini moja inaibandika nyingine alama, nayo inaamka, inaibandika nyingine. Alama nyingine ni ndogo sana, za fosfati. Nyingine ni protini ndogo zinazoitwa yubikwitini, ambazo hufungwa moja baada ya nyingine, zikawa mnyororo. Mnyororo ule ukifungwa ndipo seli inatoa amri: leta homa, leta uvimbe, ita wengine.

"Na hiyo ni sawa," akasema. "Bila hiyo tungekufa wote. Shida ni kuzima. Yupo mwenzao, naye ni protini, wanamwita A-ishirini, kazi yake ni kufungua ile minyororo wakati kazi imekwisha. Kuna watu wanazaliwa naye nusu. Alama zinafungwa vizuri, wa kufungua hatoshi."

Mimi nikasema, sijui hata nilipata wapi ujasiri, "Kwa hiyo hamna mdudu. Kuna kitambaa tu kimebaki."

"Kitambaa gani?"

Nikamweleza habari ya viazi, na Wiliam, na majani yaliyobabuka. Filbert akanikanyaga mguu, alidhani nampotezea daktari muda. Daktari hakuona hivyo. Akauliza, "Na huyo Wiliam anapiga dawa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi ndivyo. Kinga ya Ema ni nzuri. Inapiga mahali ambapo ilishapiga."

Lakini akasema hajui bado, anafikiri tu. Yapo magonjwa mengine yanayofanana. Damu yetu sote watatu itapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko nje ya nchi, na majibu huenda yakachelewa. Nikauliza kimeo.

"Kimeo hakina kosa lolote, Mama Ema. Akikatwa atavuja damu, anaweza kupata mdudu wa kweli, na homa zitarudi vile vile. Tafadhali wasimguse mpaka majibu yaje."

Ema alipochomwa sindano ya damu hakulia. Alitazama damu ikipanda, akauliza, "Wale wa taa wamo humo?"

24 Januari

Nimemweleza Mama. Nilichora duara kama daktari. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alama za nani? Nani anazifunga?" Nikasema, mwili wenyewe. Akasema, "Mwili haujifungi." Akaenda kulala.

2 Februari

Nimeota niko ndani ya damu ya Ema. Lilikuwa shamba, lakini la maji ya joto, matuta marefu, ukungu mwekundu. Vitambaa kila mahali, vinapepea bila upepo. Nilikuwa natembea nafungua kimoja kimoja, naviweka kwenye kanga yangu, wala sikuwa na haraka. Mbali niliona mtu mwingine anafungua pia, kajifunika. Nilimsalimia, kamwene, hakujibu. Niliamka kanga iko mkononi.

5 Februari

Homa. Sina hamu ya kuandika.

6 Februari

Mama kaniita uani. Hakupaza sauti, huyu mama hapazi sauti, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Mimi nimezaa sita. Nimebakiwa na wawili. Wale wanne walikufa na homa, na hakuna aliyechora duara. Wewe una mmoja tu, unamfanyia majaribio."

"Si majaribio, Mama. Tunangoja majibu."

"Kungoja ndiyo majaribio."

Nimelia shambani, mvua ikanisaidia. Nimewaza, huyu mama moyo wake ni jiwe. Nimewaza pia, je, kama ni kweli? Kama mimi nashikilia duara la daktari na mtoto anakwisha? Filbert kwenye simu anasema, mke wangu, tusikilize wote. Wote hao wana njia mbili, nitazisikilizaje?

12 Februari

Amepona. Amepungua. Blanketi la njano linamzunguka mara mbili.

20 Februari

Mvua tu. Ulanzi umeanza kuwa mwingi, walevi wanaimba barabarani mchana kweupe, hata mvua hawaijui.

27 Februari

Leo nitaandika kwa urefu.

Asubuhi niliondoka na gari la viazi kwenda Makambako. Viazi vya mwanzo vilikuwa tayari na Filbert alikuwa amepata mnunuzi. Ema alikuwa mzima, nikamwacha kwa bibi yake kama siku zote. Alinipungia mkono na kijiko.

Makambako upepo ulikuwa ule wake, unakuvua mtandio unakuvisha vumbi. Tulipakua, Filbert akaninunulia chipsi mayai, tukakaa kwenye rundo la mbao zake za misindano zilizotoka kupasuliwa, zinanukia. Nilimwona akitafuna upande mmoja. Nikasema, "Fungua mdomo." Akasema, "Achana nami." Nikasema, "Filbert, fungua." Akafungua. Vilikuwepo, viwili, vyeupe, kama vya mwanawe. Tukatazamana. Nilifurahi kwa namna ya ajabu, mtu hufurahije vidonda vya mumewe, lakini nilihisi kama duara la daktari limefunga.

Nimerudi Njombe alasiri. Nyumba imefungwa. Modesta kakaa kibarazani, hanitazami.

"Ema yuko wapi?"

"Wifi, mimi nilimwambia Mama akungoje."

"Ema yuko wapi, Modesta?"

"Wameenda Mlangali. Tangu asubuhi. Alianza kuchemka tu ulipoondoka."

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Simu ya Mama ilikuwa inaita ndani ya nyumba, kwenye chaja. Nikampigia Filbert. Akasema, "Mama anajua anachofanya." Nikamwambia, wewe mdomo wako umeniambia leo asubuhi kwamba hajui. Nikakata.

Hakuna gari la kwenda Mlangali saa zile, barabara ni tope, madereva wananiambia mama, kesho. Nikasimama pale magari ya Ludewa yanapoingilia. Ukungu ulikuwa umeshuka, taa za magari zinatokea kwanza kama macho ya mtu anayeamka, halafu ndiyo gari. Kila Noah iliyosimama nilichungulia. Wanashuka watu na kuku, watu na mahindi. Nilikuwa naona kisu kidogo cha Mzee Filemoni, sijawahi kukiona, lakini nilikiona. Nikasali bila maneno. Nilisema tu jina lake, Ema, Ema, mpaka likawa si jina, likawa pumzi.

Wakashuka kwenye gari la tope. Mama mbele, Ema mgongoni kalala, kafunikwa blanketi la njano. Nilimtoa mgongoni bila kusalimia. Nikawasha tochi ya simu pale pale barabarani, nikamfungua mdomo. Vidonda. Na nyuma yake, kimeo, kizima, kidogo, kimening'inia kama tone ambalo halijaamua kudondoka.

Nikakaa chini kwenye tope.

Mama naye akakaa. Sijawahi kumwona Mama amekaa barabarani. Watu wakatupita. Baadaye sana akaanza kusema, mtandio umemshuka, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona mdomo wake kwa karibu, pembeni una makovu.

"Alishaandaa," akasema. "Nimempakata mtoto, nimemshika kichwa. Yule mzee akaniuliza, nyumbani kuna aliyekatwa? Nikamwambia, mimi, alinikata baba yako. Na mwanangu, ulimkata wewe. Akaniuliza, na vidonda, viliisha?"

Gari likapita, likatumwagia maji, hakufuta.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mama yangu hakuniuliza. Mume wangu hakuniuliza. Mimi nilikatwa nikaambiwa umepona, nikasema nimepona. Ningesemaje? Mwanamke mwenye vidonda mdomoni watu wanasema ana mdomo mchafu, anasengenya, amelaaniwa. Miaka yote hii mimi nala kama mwizi. Basi akaniuliza, viliisha? Nikasema, havijaisha. Akaweka chini kile chuma chake. Akasema, sasa huyu umeniletea wa nini?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na haki, bado ninayo. Lakini alikuwa amekaa kwenye tope na mdomo wazi, mvua inaingia, na nikamwona ni mtu aliyechemka peke yake tangu utoto, akidhani moto ule ni aibu. Sikumkumbatia. Nilimpa upande mmoja wa blanketi.

28 Februari

Hatujaongea. Amepuliza chai yake. Nikachukua kikombe, nikakimimina kwenye kingine, nikarudisha, mpaka kikapoa, nikampa. Akapokea.

3 Machi

Ema amepona. Mimi sijamwacha kwa bibi yake hata nikienda kisimani. Nambeba. Mama anaona.

Jumanne, 18 Machi

Majibu. Daktari Sadock kapiga simu, tukaenda. Ndivyo alivyofikiri. Ema anao ugonjwa ule, na Filbert anao. Akauliza habari ya bibi. Mama alikuwa amekuja nasi, kavaa gauni la kanisani. Akavuta mtandio mwenyewe, akafungua mdomo kwa daktari, mbele ya mwanawe. Filbert akainamisha kichwa. Daktari akawasha taa yake ndogo, akatazama, akasema taratibu, "Pole, Mama. Pole kwa miaka yote."

Mama akamwambia, "Nioneshe hilo duara."

Akachora upya. Mama akafuata kwa kidole. Alipofika kwenye minyororo akauliza, "Na mimi ndiye niliyewapa?"

"Uliwapa na kinga inayoamka upesi. Hukuchagua hii wala ile."

Na wale wanne waliokufa, Mama akauliza. Daktari akasema hajui, huenda ilikuwa malaria, huenda surua, hawezi kusema kitu asichokijua. Nilimpenda kwa hilo.

Ametoa vidonge vya kila siku, vya Ema, Filbert na Mama, na vingine vya kuanza mara tu homa inapopiga hodi. Akasema zipo dawa nyingine kubwa, ngumu kupatikana, tutaona. Hakuahidi. Itabidi tumwone mara kwa mara, na kipimo cha malaria tusiache, kwa sababu mtu mwenye homa hii anaweza kupata na ile.

26 Machi

Mama anakunywa dawa zake na maji ya vuguvugu, anakunja uso kama mtoto. Ema anamcheka.

2 Aprili

Homa ilikuja, nikatoa kidonge mapema. Ilikuwepo, lakini kama mtu aliyepita dirishani. Aliomba maji.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Jua. Filbert kaja. Mama kala nyama, kipande kidogo, akatafuna pande zote mbili, polepole, anatazama mbali kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani. Modesta akasema: "Mama, usimalize, na sisi tupo." Akacheka, na mdomo wake ulikuwa wazi.

29 Aprili

Nimemwambia Mama kwamba siku ile ya Mlangali bado inaniuma. Akasema, "Na iume. Mimi pia." Tukaendelea kuchambua maharage.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imekwisha, baridi inaanza. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Leo ilikuwa siku ya kuchimba viazi vya mwisho, na leo hiyo hiyo Ema akanyamaza ghafla akiwa anacheza. Nikagusa paji la uso. Moto.

Nilisimama mlangoni na jembe. Modesta alishatangulia. Mama alikuwa ameketi juani, kanitazama, hakuniomba. Nikaingia ndani nikatoa kipimo, kwanza malaria kama daktari alivyotufundisha, hakuna. Nikatoa kidonge. Nikamwekea Mama mkononi mwake, na kikombe cha maji, na mtoto.

"Akilala mfunike," nikasema. "Akizidi, nipigie."

"Simu ninayo," akasema, akaitoa kwenye kanga kunionesha.

Nikaenda. Udongo ulikuwa laini, viazi vinatoka vikubwa, vya rangi ya mwezi. Nilichimba nikiwaza yale yanayotendeka sasa hivi ndani ya mwanangu, minyororo inafungwa, inafunguliwa, polepole, na mikono isiyotosha lakini ipo. Nilifika mwisho wa tuta ndipo nikatambua sijageuka kuitazama nyumba hata mara moja.